Mkuku Uliofichwa Newport

Kombe lenyewe ni birika la fedha lisilo na kitako. Lilitengenezwa na masonara wa Garrard wa London, na ukimimina maji kwa juu yatatokea chini. Hata hivyo, kwa ajili ya birika hilo matajiri wamemwaga mali, mafundi wamekesha karakanani miaka nenda miaka rudi, na nahodha aliyezoea kushinda amelia mbele ya waandishi wa habari.

Habari yake inaanza tarehe 22 Agosti 1851. Siku hiyo skuna moja ya Wamarekani, jina lake America, iliziacha nyuma mashua za Waingereza katika mbio za kuzunguka kisiwa cha Wight, Malkia Victoria akiwa miongoni mwa watazamaji. Wenye skuna wakaondoka na kombe, na mwaka 1857 wakalikabidhi kwa New York Yacht Club kwa hati iliyosema kwamba klabu yoyote ya nchi ya nje inayo haki ya kuja kuligombania. Jina la mashua likawa jina la kombe.

Kuligombania watu waliligombania, ila kulipata hakuna aliyelipata. Mpinzani wa kwanza, Mwingereza James Ashbury, alikuja mwaka 1870 na mashua yake Cambria akakuta anashindana peke yake na kundi zima la mashua za wenyeji. Kwa miaka mingi iliyofuata mpinzani alilazimika kuivusha mashua yake baharini kwa matanga yake yenyewe, kwa hiyo ilibidi iwe imara ya kuhimili Atlantiki, huku ya mwenyeji ikijengwa nyepesi kwa ajili ya mbio za siku chache tu. Sir Thomas Lipton, ambaye wengi wetu tunalijua jina lake kutokana na majani ya chai, alijaribu mara 5 kati ya 1899 na 1930, kila mara kwa mashua aliyoiita Shamrock, na mara zote 5 akarudi mikono mitupu. Thomas Sopwith mwaka 1934 alishinda mashindano mawili ya mwanzo, kisha akafungwa manne mfululizo. Hadi kufikia 1980 klabu ya New York ilikuwa imelilinda kombe mara 24. Lilikaa katika jengo la klabu, Mtaa wa 44 Magharibi, Manhattan, limefungwa mezani kwa bolti, na katika klabu hiyo walikuwapo wazee waliozaliwa, wakakua na kuzeeka bila kuliona likitoka.

Waaustralia walianza kubisha hodi mwaka 1962. Mashua yao Gretel, ya mwenye magazeti Frank Packer, ilishinda shindano moja na kupoteza manne. Dame Pattie ya mwaka 1967 haikushinda hata moja. Gretel II ya mwaka 1970 ilishinda moja tena. Ndipo akatokea Alan Bond.

Bond alizaliwa London mwaka 1938, akahamia Australia na wazazi wake akiwa kijana mdogo, akakulia Fremantle, mji wa bandari kando ya Perth. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mabango ya maduka. Baadaye akaingia katika biashara ya ardhi na majumba, akatajirika haraka, na fedha zake akazielekeza kwenye kombe. Mwaka 1974 alipeleka Newport, mji wa Marekani yalikofanyika mashindano, mashua iitwayo Southern Cross, ikafungwa 4-0. Mwaka 1977 akarudi na Australia, ikafungwa 4-0. Mwaka 1980 Australia hiyohiyo ikapata shindano moja, ikafungwa 4-1. Mtu mwingine angeuza kila kitu akafanya biashara nyingine. Bond alirudi tena, na katika mizigo yake ulikuwamo ufunguo wa spana wa rangi ya dhahabu, wa kufungulia bolti ile ya Manhattan. Wamarekani waliuona ufunguo ule kuwa ni ufedhuli. Mimi nauona kuwa ni ahadi ya mtu aliyekwisha kuamua.

Msanifu wake alikuwa Ben Lexcen, na kwangu yeye ndiye anayevutia kuliko wote katika historia hii. Alizaliwa mwaka 1936 Boggabri, mji mdogo wa New South Wales ulio mbali na bahari, na wazazi wake walimpa jina la Robert Miller. La Ben Lexcen alijipa mwenyewe ukubwani. Shule aliiacha mapema. Alijifunza ufundi wa injini za treni, akajifunza kushona matanga, na usanifu wa mashua akajifundisha mwenyewe kwa kuzijenga na kuzipanda. Mwaka 1981 Bond alimpeleka Uholanzi, katika maabara ya meli iliyoko Wageningen, ambako vielelezo vya mashua vyenye ukubwa wa theluthi moja ya mashua kamili huvutwa ndani ya birika refu la maji na kupimwa. Pale, akifanya kazi pamoja na Mholanzi Peter van Oossanen, Lexcen alipata mkuku usiofanana na mkuku wowote uliokwisha kushindania kombe hilo.

Ili kuelewa walichokipata, lazima kwanza tuelewe kundi la mashua zilizokuwa zikishindana. Tangu 1958 kombe liligombaniwa kwa mashua za kundi la mita 12. Urefu wake hasa unakaribia mita 20. Hiyo 12 ni jibu la hesabu inayochanganya urefu, eneo la matanga na vipimo vingine vya mwili wa mashua. Msanifu akiongeza hapa sharti apunguze pale. Kwa miaka 25 wasanifu walikuwa wamehangaika ndani ya hesabu hiyo hata mashua zao zikaanza kufanana.

Mashua ya tanga inapokwenda joshi, yaani kuukabili upepo, husukumwa ubavuni. Isipokuwa na uzito wa kuirudisha italala, na isipokuwa na kitu cha kushika maji itaserereka kando badala ya kwenda mbele. Kwenye jahazi kazi hizo mbili zimegawanywa: mawe ya farumi hupangwa ndani chini, na mkuku hushika maji. Kwenye mashua ya mita 12 mkuku ndio farumi, yaani pande kubwa la risasi lililoning'inia chini ya mashua. Wasanifu wote waliujenga mpana kwa juu na kuupunguza kuelekea chini. Lexcen aliupindua. Wake ulikuwa mwembamba pale unapoungana na mashua, ukapanuka kwenda chini, na mwishoni ukatoa mabawa mawili ya risasi yaliyoinama, moja kila upande. Uzito ukashuka chini zaidi, mashua ikasimama imara zaidi. Mabawa nayo yaliyazuia maji yasipinduke kutoka upande mmoja wa mkuku kwenda wa pili kwa kupitia nchani, jambo ambalo huiba mwendo. Na kwa kuwa mkuku mdogo sasa ulitosha, mashua yenyewe ingeweza kuwa ndogo na nyepesi, nayo iligeuka upesi kuliko nyingine zote za kundi lake. Hasara ilikuwapo pia. Mabawa yaliongeza eneo linalosuguana na maji, na katika baadhi ya pepo mashua hiyo haikuwa na kasi ya ajabu. Jambo hili litakumbukwa tukifika siku ya mwisho.

Fundi Steve Ward aliijenga kwa alumini huko Cottesloe, Perth. Ikaitwa Australia II, ikabeba bendera ya Royal Perth Yacht Club, na juu yake bendera nyingine ya kijani yenye kangaruu wa njano aliyevaa glovu za ndondi. Nahodha alikuwa John Bertrand wa Melbourne, mshindi wa medali ya shaba katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, mhandisi aliyesoma Marekani katika chuo cha MIT. Bertrand alikwisha kupoteza kombe hili akiwa baharia katika mashua za wengine, na aliamini kwamba Waaustralia walikuwa wakifungwa vichwani kabla ya kufungwa majini. Alikataza watu wake wasiitaje mashua ya Marekani kwa jina. Waliiita tu mashua nyekundu.

Majira ya joto ya 1983 wapinzani 7 walikusanyika Newport, Rhode Island, washindane wenyewe kwa wenyewe ili apatikane mmoja. Mashua tatu zilitoka Australia, na nyingine zilitoka Uingereza, Canada, Ufaransa na Italia. Hiyo ya Italia, Azzurra, ilikuwa ya kwanza ya nchi hiyo, na nyuma yake alisimama mtu ambaye Afrika Mashariki inamjua kwa mambo mengine kabisa: Aga Khan wa Nne, aliyeishi Nairobi utotoni wakati wa vita vya pili vya dunia, na ambaye jina lake limo katika hospitali na shule zetu na katika chimbuko la magazeti ya Nation. Klabu yake ya Costa Smeralda, Sardinia, ndiyo iliyotoa changamoto ya Italia, na Azzurra ilifanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Lakini Australia II ilikuwa juu ya wote. Katika fainali ya wapinzani iliifunga Victory '83 ya Waingereza 4-1.

Wakati huo wote hakuna mgeni aliyeuona mkuku wake. Kila mashua ilipoinuliwa kutoka majini, turubai ziliteremshwa kuizunguka sehemu ya chini, na walinzi wakakaa zamu usiku na mchana. Mwezi Julai mzamiaji mmoja mwenye uhusiano na kambi ya Canada alikamatwa akiwa na kamera chini ya mashua. Turubai zile zilificha risasi, na zilifanya pia kazi nyingine kubwa zaidi: ziliwafanya wenye kombe wausumbukie mkuku wasiouona badala ya kuyaangalia matanga yao.

Klabu ya New York ilianza kuandika barua. Kwanza ilidai kwamba mashua haikupimwa sawasawa, kwa kuwa ikilala upande mmoja mabawa yake hushuka na kuiongezea kina. Kisha ikadai kwamba mkuku haukusanifiwa na Mwaustralia, ilhali kanuni zilitaka msanifu awe raia wa nchi ya mpinzani. Ujumbe ukapelekwa Uholanzi na hati ya kiapo ili van Oossanen aitie sahihi kwamba kazi ile ilikuwa ya Waholanzi. Hakutia. Ikajulikana pia kwamba kambi ya mashua ya Marekani ilikuwa imeiandikia maabara hiyohiyo ya Wageningen ikitaka kununua mkuku wa aina ile. Tena msanifu wa mashua yao wenyewe, Johan Valentijn, alikuwa mzaliwa wa Uholanzi aliyechukua uraia wa Marekani. Baada ya hayo madai yakaporomoka. Miaka mingi baadaye van Oossanen alijitokeza kudai sehemu kubwa ya usanifu ule, wakati Lexcen hayupo tena duniani kujibu. Ninavyoona, wazo la ujasiri na kazi ya vipimo vilikutana Wageningen, na aliyethubutu kuweka jina lake juu ya mkuku ule kabla haujashinda chochote ni Lexcen.

Mashua nyekundu ilikuwa Liberty, na nahodha wake Dennis Conner wa San Diego ndiye aliyeifunga Australia mwaka 1980. Conner aliufanya mchezo huu kuwa kazi ya mwaka mzima, na alijua kwamba safari hii mashua yake ilikuwa nzito na ya polepole zaidi. Alitafuta kila njia halali ya kupunguza pengo. Liberty ilikuwa na vyeti vitatu vya vipimo, ikibadilisha farumi na matanga kulingana na upepo uliotarajiwa. Kila anayesimulia ushindi wa Australia II na kumfanya Conner kuwa mzembe anamdhulumu.

Mshindi angekuwa wa kwanza kufikisha mashindano 4. Tarehe 14 Septemba, shindano la kwanza, usukani wa Australia II uliharibika ikiwa mbioni, na Liberty ikashinda kwa dakika 1 na sekunde 10. Kesho yake ikaharibika sehemu inayoshika kichwa cha tanga kuu, na Liberty ikashinda tena. Tarehe 17 Australia II ilikuwa imeiacha Liberty mbali mno, lakini upepo ukafa, muda uliowekwa ukaisha, na shindano likafutwa. Liliporudiwa tarehe 18, Waaustralia walishinda kwa dakika 3 na sekunde 14. Hakuna shaka tena ipi ilikuwa na kasi. Na bado, tarehe 20, Conner alianza vizuri, akachagua upande sahihi wa bahari, akalinda nafasi yake boya kwa boya na kushinda kwa sekunde 43. Ikawa 3-1. Lile la nne ni shindano la nahodha aliyeshinda kwa kichwa pale ambapo mashua haikumsaidia, na ningependa lisomwe na kila anayejifunza kuendesha tanga.

Wakati huo watu wengi walikwisha kufunga vitabu. Tarehe 21 Liberty ilivunjika kifaa kwenye mlingoti kabla ya kuanza, mabaharia wake wakakitengeneza wakiwa juu huku saa ikikimbia, na Australia II ikashinda kwa dakika 1 na sekunde 47. Tarehe 22 ikashinda kwa dakika 3 na sekunde 25. Sasa 3-3. Tangu 1870 haikuwahi kutokea mashindano ya kombe hili yakafika shindano la saba.

Tarehe 24 hapakuwa na upepo wa kutosha. Jumatatu tarehe 26 Septemba ulikuwapo, mwepesi na wenye kugeukageuka. Njia ilikuwa na vipande 6. Kwenye boya la kwanza Liberty ilitangulia kwa sekunde 29, la pili 45, la tatu 23, la nne 57. Sekunde 57 kwenye upepo ule ni umbali mkubwa. Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja cha kwenda na upepo nyuma, na cha mwisho cha kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kugeuzageuza.

Ni katika kipande cha tano ndipo kombe lilipohama. Matanga makubwa ya mbele yalikuwa yamefunguka, mashua zikishuka na upepo. Conner aliona wapinzani wanamkaribia, akageuza kwenda kutafuta upepo mzuri upande mwingine badala ya kukaa kati yao na boya. Bertrand na mtu wake wa mbinu, Hugh Treharne, walikuwa wakisoma maji: pale uso wa bahari ulipokunjamana na kuwa mweusi walikwenda, wakazipata pepo ndogondogo moja baada ya nyingine, na mashua nyepesi ikatumia kila moja. Mabawa hayana msaada mkubwa pale mashua inaposhuka na upepo. Hapo farumi ni mzigo tu na eneo la maji ni hasara. Kilichoipitisha Australia II ni wepesi wake na macho ya waliokuwa juu yake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mkuku ulishinda kombe. Mkuku uliifikisha mashua siku ya saba, na mabaharia 11 wakalichukua kombe. Kwenye boya la tano Australia II ilitangulia kwa sekunde 21.

Kipande cha mwisho Conner alipiga bisho mara 47. Kila alipogeuza, Bertrand aligeuza pamoja naye na kukaa kati yake na mstari, ili asipate upepo safi. Conner akawavuta hadi ukingoni mwa mashua za watazamaji, ambako mawimbi yalivurugika, akitumaini kosa moja. Mikono ya mabaharia iliungua kwenye roda. Kosa halikuja. Australia II ikakata mstari ikiwa mbele kwa sekunde 41, baada ya miaka 132.

Newport ilikuwa saa 11 na dakika kadhaa jioni. Perth, upande wa pili wa dunia, ilikuwa saa 11 na dakika hizohizo alfajiri, na watu hawakulala. Waziri Mkuu Bob Hawke alikuwa kwenye klabu ya Perth akiwa amevaa koti lililojaa bendera, akasema mbele ya televisheni kwamba mwajiri yeyote atakayemfukuza mtu kwa kutofika kazini siku hiyo ni mtu wa hovyo. Usiku huo gatini Newport umati ulipiga kelele kutaka kuuona mkuku. Bond akatoa ishara kwa mikono, mashua ikainuliwa bila turubai, watu wengine wakaruka majini na kuyagusa yale mabawa. Conner alikwenda kwenye mkutano wa waandishi, akawapongeza washindi, akashindwa kuyazuia machozi, akaondoka. Kesho yake, kwenye baraza ya jumba la Marble House, kombe likakabidhiwa.

Yaliyofuata hayakumpendeza kila mtu. Fremantle ilitengenezwa upya kupokea mashindano ya 1987, na aliyekuja kulichukua kombe alikuwa Conner yuleyule, safari hii kwa jina la klabu ya San Diego; aliifunga Kookaburra III 4-0. Lexcen alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 52. Bond alifilisika mwaka 1992, baadaye akafungwa jela kwa udanganyifu wa zaidi ya dola bilioni moja uliowaumiza wenye hisa, akafa mwaka 2015. Udanganyifu huo ni sehemu ya historia yake kama kombe lilivyo, na haifai kuufunika kwa ajili ya siku moja ya Septemba.

Australia II iko katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Fremantle, mkuku wake wazi, na yeyote anaweza kusimama chini yake na kuyapima mabawa kwa macho. Kombe limekwisha kukaa New Zealand na Uswisi. New York Yacht Club, iliyolilinda mara 24, haijalipata tena hadi leo.